Matango yakizidi, maziwa yakibaki: kachumbari nzito ya mtindi kwa msimu wa joto

Leo naomba tuingie jikoni kidogo. Najua wapo watakaosema bwana shamba ameishiwa maneno ya mbolea, sasa anafundisha kupika. Waseme tu. Stashahada yangu niliisomea kilimo, si mapishi, lakini kutembea vijijini kumenionyesha kwamba mazao mengi hupotea kati ya shamba na sahani, na tango halisubiri mtu.

Huku kwetu Morogoro, ukipanda matango Novemba kwa mvua za vuli, Januari unachuma, maana mbegu nyingi za tango hufikia kuvunwa kati ya siku 40 na 60. Tatizo ni kwamba jirani yako naye alipanda Novemba, na shemeji yake pia. Mnachuma siku moja, mnapeleka barabarani siku moja, na mnunuzi anajua hilo kuliko nyinyi. Anakuja na gunia, anataka lijae mpaka liote kichwa juu, ile lumbesa tunayoipigia kelele kila siku, halafu anaanza kuchambua. Lililopinda, pembeni. Lenye kiuno, pembeni. Lililoanza njano, pembeni. Jioni mkulima amebaki na rundo ambalo ng'ombe wa jirani ndio wanaolifaidi.

Miezi hiyohiyo, kama vuli ilinyesha vizuri, majani yapo na maziwa yapo. Akina mama wa Kimasai wanapita asubuhi na madumu yao. Yasiyouzwa mpaka saa sita mchana, kwa joto hili, yanaanza kuchacha na bei inaanguka. Basi kijiji kimoja, siku moja, kina vitu viwili ambavyo ikifika mchana hakuna anayevitaka. Mimi nasema vitu hivyo viwili vikikutana mapema kwenye bakuli moja ni pesa, na ni kitoweo kizuri cha pembeni wakati huu ambao hata njaa yenyewe inakimbia joto.

Nilipomweleza mama lishe mmoja wa kwenye kituo cha malori, alinitazama kama nimechanganyikiwa. "Mwanangu bwana shamba, tango na maziwa? Wateja wangu si watashinda chooni?" Nikamwambia, mama, shikamoo kwanza. Halafu nikamkumbusha kwamba Wahindi wa mjini wanakula biriani yao na mtindi uliotiwa matango tangu zamani, na Wagiriki na Waturuki nao wana ya kwao yenye kitunguu saumu. Wote wana joto kama sisi, na hawashindi chooni. Kinachoumiza tumbo si tango kukutana na mtindi. Ni uchafu wa tango, uchafu wa maziwa, au vyote viwili. Hapo ndipo nataka tukae sana leo.

Tuanze na maziwa. Usichukue maziwa mabichi yaliyoganda yenyewe kwenye dumu ukadhani ndiyo mtindi wa kazi hii. Maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na brusela, ule ugonjwa unaotupisha ng'ombe mimba na kumwachia binadamu homa zisizoisha na maumivu ya viungo. Kuchacha hakuui vijidudu hivyo kwa uhakika. Moto ndio unaoviua. Nunua maziwa asubuhi yakiwa bado mazima, kwa sababu yaliyoanza kuchacha ukiyabandika motoni yanakatika. Yachemshe mpaka yapande, punguza moto, yaache dakika chache huku ukikoroga. Kisha yapoe mpaka kidole kilichooshwa vizuri kiweze kukaa ndani bila kuungua, kwa kipimajoto ni kama nyuzi 43. Tia vijiko vitatu vya mtindi mzuri kwa kila lita, ule usio na sukari wala ladha za matunda. Koroga, funika, zungushia kitenge au blanketi, uache usiku kucha bila kutikisatikisa. Asubuhi umeganda. Weka vijiko vichache pembeni kwa ajili ya mbegu ya kesho.

Na lile dumu la mafuta ya kula, jamani. Mdomo wake mwembamba, mkono hauingii, huwezi kulisugua ndani. Kama unauza maziwa, tafuta chombo chenye mdomo mpana na mfuniko. Nimelisema hili mikutano mingi na nitaendelea kulisema.

Sasa uzito. Mtindi ulioganda vizuri bado una maji mengi, na tango nalo katika kila gramu 100 lina karibu gramu 95 za maji. Ukivichanganya hivyo hivyo unapata uji mwembamba wenye vipande vinavyoelea, na mteja hatarudia. Kwa hiyo maji yatoke pande zote mbili kabla havijakutana. Mtindi utie kwenye kitambaa cheupe kilichochemshwa, ukifunge, ukining'inize juu ya sufuria kwa saa mbili au tatu. Lita moja mimi hunibakizia karibu nusu, nzito kama siagi iliyolainika. Hapo ndipo utamu unapotoka, wala huhitaji krimu ya dukani.

Tango dawa yake ni chumvi. Lioshe, limenye, likate katikati kwa urefu, kisha ukwangue mbegu kwa kijiko, maana pale katikati ndipo penye maji mengi. Lililozeeka lenye mbegu ngumu usilihurumie, mbegu zote zitoke. Kata vipande vyembamba kama upana wa sarafu. Kwa kilo moja ya vipande tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, changanya kwa mkono safi, uache nusu saa ndani ya chujio. Chumvi inayavuta maji yatoke nje, utayaona yanavyodondoka. Kisha kamua kwa viganja, kidogo kidogo, kama unavyokamua tui. Mwenye shinikizo la damu nyumbani? Suuza vipande kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, ukamue tena, chumvi nyingi itaondoka.

Baada ya hapo kazi imekwisha. Vipande kwenye bakuli, mtindi mzito juu, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa, kitunguu maji nusu kilichokatwa vyembamba, ndimu kidogo, majani ya giligilani au mnanaa. Pilipili mbuzi kwa anayeipenda. Usiongeze chumvi kabla ya kuonja. Inakwenda vizuri na pilau, na nyama choma, na ndizi za kuchoma, hata na wali maharage. Kwa ugali wa dagaa mimi naiona ndiyo mahali pake hasa, ingawa mke wangu hakubaliani nami.

Kuhusu kule kupinda: tango lililopinda halina ubaya wowote ndani. Mara nyingi ni maua hayakutembelewa na nyuki vya kutosha, au mmea ulikosa maji ulipokuwa unakuza tunda. Ukilikata vipande nani atajua lilipinda? Kwa hiyo mama lishe, nenda pale barabarani mnunuzi akishaondoka na gunia lake, zungumza na mkulima kuhusu lile rundo la pembeni. Lakini onja kabla ya kununua. Mmea ulioteswa na ukame unaweza kuzaa matango machungu, na uchungu hukaa zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda. Kata kikonyo kwa upana wa vidole viwili, umenye, uonje. Kama bado ni chungu mpaka katikati, liache. Mtindi hauwezi kuuficha uchungu huo, na tango chungu sana si la kuliwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo limenifanya niandike. Yule mama lishe alikubali, akajaribu, na madereva wakaipenda. Matango alikuwa anachukua kwa kijana mmoja mwenye robo tatu ya ekari bondeni, mchapakazi kweli. Siku moja nikapita shambani kwake jioni nikamkuta anapulizia dawa ya inzi wa matunda. Nikamwuliza, kesho unachuma? Akasema ndiyo, mama anataka ndoo mbili. Nikachukua chupa, tukasoma lebo pamoja. Iliandikwa siku 7 kati ya kupulizia na kuvuna.

Fikiria hapo, ndugu msomaji. Tango halipikwi, moto hautalisaidia. Kuliosha kunapunguza kilichobaki juu ya ganda, kumenya kunapunguza zaidi, lakini dawa nyingine huingia ndani ya tunda na huwezi kuiosha. Wanaokula ni madereva, watoto wa yule mama, na kijana mwenyewe. Upande wa pili, namwelewa kijana. Tango unalichuma kila siku moja au mbili. Ukiliacha siku 7 linakuwa bomu la njano, na mmea wenye matunda yaliyozeeka hupunguza kuzaa mapya. Kusubiri kwake ni kupoteza michumo mitatu au minne, na alikuwa na ada ya mdogo wake inayomsubiri. Sikuweza kumwambia kwamba haitamgharimu.

Tulichokubaliana ndicho nakushauri na wewe. Chuma kwanza kila kinachofaa kuuzwa, pulizia baada ya kuchuma, tena jioni nyuki wakishalala, maana bila nyuki huna tango. Dukani usiombe "dawa ya wadudu" tu. Uliza iliyosajiliwa kwa mboga za matunda na yenye siku chache za kusubiri, na usome mwenyewe kabla ya kulipa. Ukishapulizia, yanayokomaa ndani ya siku za kusubiri yachume na uyafukie, usiyauze wala usimpe ng'ombe. Yaliyotobolewa na inzi yaokote kila siku uyafukie chini ya nusu mita, au uyafunge kwenye mfuko mweusi uuanike juani, usiyaache chini yakawa kiota cha inzi wapya. Mkulima anayeokota hivyo, na akaweka mitego, hupulizia mara chache zaidi, na hapo ndipo pesa yake inapookolewa.

Yule kijana alifukia. Mama lishe alipokosa matango siku zile alikuja kwangu amekasirika, akidhani nimemwonea mtoto wa watu. Nilipomwonyesha picha ya lebo alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mnunuzi yeyote: "Na nyanya zangu je, nani ananisomea chupa yake?" Tangu siku hiyo kila anayemletea mboga mbichi anaulizwa alipulizia lini. Mwanzoni wawili walihamia kwa wateja wengine. Mmoja amerudi.

Nawe mfanyabiashara uliza hivyo hivyo. Si lazima ujue majina ya dawa. Uliza tu lini, na uombe kuiona chupa.

Maji ya kuoshea nayo tuyaseme haraka. Matango mengi ya bondeni yamemwagiliwa na maji ya mfereji ambao juu kidogo kuna watu wanaoga na mifugo inakunywa. Yaoshe kabla ya kumenya, ukitumia maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya maji, osha na kisu baada ya kumenya ndipo ukate. Kipindupindu kikiingia, mara nyingi kachumbari na matunda yaliyokatwa ndivyo vya kwanza kupigwa marufuku mitaani, na biashara yako inafungwa pamoja na ya yule asiyenawa.

Kama huna friji, usichanganye bakuli zima asubuhi. Weka vipande vilivyokamuliwa peke yake, mtindi mzito peke yake, vyote vimefunikwa kivulini, na uchanganye kadiri wateja wanavyokuja. Kilichochanganywa kisizidi saa mbili kwenye joto hili.

Hesabu andika. Kilo moja ya vipande nikishakamua hunibakizia kama gramu 700, nikiongeza mtindi mzito gramu 500 napata kilo 1 na gramu 200, yaani sahani 12 za gramu 100. Gawa bei ya matango, maziwa, ndimu na mkaa kwa 12, ndipo upange bei. Wengi wanapanga kwa kumtazama jirani, na jirani naye anawatazama wao.

Na wale wanaonitumia ujumbe kwamba tango linatibu presha, kisukari na figo: tango ni maji matamu yenye ubaridi, basi. Protini na kalisi kwenye bakuli hili zinatoka kwenye mtindi. Hata wale ambao maziwa mabichi au ya chai huwavuruga tumbo, wengi wao mtindi wanauweza.

Yale maji ya manjano yanayodondoka kutoka kwenye kitambaa cha mtindi usiyamwage. Kandia unga wa chapati au maandazi badala ya maji ya kawaida, unga unakuwa laini. Yakizidi, kuku na nguruwe wanayapenda, ila wape kidogo kwanza uone wanavyoyapokea.