Macho ya bibi na mzaha wa fisi

Usukumani mjukuu ana ruhusa ya kumtania bibi yake. Jioni moja, kijiji kimoja cha Kahama, niliketi nao shikome, moto wa uani ambako wazee huwasimulia watoto. Mtoto wa miaka 7 alijifunika blanketi, akalia kama fisi. Bibi akajifanya kuzimia. Tulicheka sana.

Kisha mtoto akauliza: "Bibi, macho mekundu hivyo, fisi wako umemficha wapi?"

Mama yake hakucheka. Shinyanga na Geita vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa macho hayo, wakidhaniwa wachawi wanaopanda fisi usiku. Kumbe ni moshi wa mabua na samadi kavu, miaka nenda rudi jikoni.

Mama alimweleza mwanawe hivyo, akasogeza kigoda cha bibi mbali na moshi.