Kiangazi cha Mstaafu na Mtungi wa Maji

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.



Ijumaa iliyopita, baada ya sala, dada yetu mkubwa aliye Lamu alitupigia simu. Baada ya kujuliana hali, alituuliza swali ambalo bila shaka alikuwa amelihifadhi moyoni kwa muda mrefu. Alisema, "Mdogo wangu, sasa umestaafu. Unangoja nini huko Mathare? Huku kaskazi imeshika, upepo wa bahari upo, baraza ipo, watu wako wapo. Huko kuna nini cha kumpumzisha mtu mzima?"

Hatukumjibu sawasawa. Tulisingizia kwamba sauti inakatika, naye akacheka kwa kuwa anatujua tangu utotoni. Tangu siku hiyo tumekuwa tukilitafakari swali lake, na jibu tumeona tuliandike hapa, huenda likamfaa na mwingine ambaye yeye, au mume wake, au mzazi wake, amefikia umri wa kuweka kazi chini.

Tuanze na kustaafu kwenyewe. Kwa miaka 27 tulikuwa watunza ghala katika Eneo la Viwanda hapa Nairobi. Mchana tulihesabu magunia na makasha, na jioni tulisomesha watoto chuoni. Mwaka jana, tukiwa na umri wa miaka 56, kazi ya ghalani ilifikia ukomo wake. Tulipewa kiinua mgongo, tukapeana mikono na wenzetu, tukarudi nyumbani saa tano ya asubuhi, saa ambayo hatukuwahi kuuona mlango wetu isipokuwa siku ya ugonjwa.

Wanaofahamu hesabu za wafanyakazi wa Kenya wanajua kwamba akiba ya NSSF haikuwa kubwa. Kwa miaka mingi, kabla ya sheria ya mwaka 2013 kuanza kutekelezwa mnamo 2023, mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200 nyingine. Basi tuliketi na kalamu na daftari, tukajumlisha na kutoa. Kesho yake tukajumlisha tena, kana kwamba tarakimu zitazaliana usiku. Tuliwakumbuka wenzetu waliojenga nyumba Mtwapa na Malindi. Tukawa wepesi wa hasira. Chai ikichelewa, neno. Mtoto akicheka kwa sauti, neno. Sisi tuliozoea kuwahimiza watu wasubiri, tulikuwa hatuwezi kusubiri sufuria ichemke.

Mwezi mmoja ulipokwisha, mama watoto alituletea kikombe cha chai, akaketi mbele yetu, akasema kwa upole, "Baba watoto, mimi niko katika nyumba hii miaka yote uliyokuwa ghalani. Sijawahi kustaafu, na sijawahi kukosa furaha yangu ya kila siku. Panda juu darini jioni, ukae nami. Daftari liache hapo."

Tulipanda. Wallahi, tulikuwa tumeishi katika jengo hilo miaka kumi na miwili, na juu ya paa lake hatukuwahi kwenda ila kutazama tangi la maji limevuja wapi.

Wasomaji wetu wa pwani wataruhusu tueleze kiangazi cha huku kilivyo. Miezi ya Januari na Februari ndiyo ya joto hapa Nairobi, kabla ya mvua za masika kuingia Machi. Lakini mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua huchoma mchana na usiku blanketi halikunjwi. Sisi tunakaa upande wa Mathare unaoelekea Kiamaiko, penye soko la mbuzi. Bondeni unapita mto Mathare. Kando yake yamebanana mabati, na juu yake yamesimama majengo ya ghorofa. Ng'ambo ya barabara ya Juja iko kambi ya ndege za jeshi, na nyuma yake Eastleigh na minara ya misikiti yake.

Jioni ile, baada ya Alasiri, tuliona mambo ambayo mama watoto alikuwa akiyaona miaka yote. Upepo mkavu ulipita katika nguo zilizoanikwa. Watoto wa jengo la pili walirusha tiara za karatasi za nailoni, wakizivuta kwa uzi wa kushonea magunia. Adhana za Magharibi zilianza upande wa Eastleigh, moja ikaipokea nyingine, hadi ikafika ya msikiti wetu mdogo. Mama watoto alikuwa na embe mbili za ngowe, amezikata vipande na kuzinyunyizia chumvi na pilipili, kama zinavyouzwa juu ya mikokoteni kando ya barabara. Tulikula tukalamba vidole. Hatukuzungumza jambo kubwa. Tulipoteremka, tulitambua kwamba tangu alasiri hatukuwa tumehesabu kitu.

Tangu siku hiyo tulianza kuyatafuta mambo haya madogo. Baada ya Alfajiri tunatembea hadi barabara ya Juja na kurudi, kabla magari hayajaanza kelele. Njiani akina mama wanakaanga mahamri na kuchemsha uji, nao wametuzoea, wanatusalimu kwa jina la chuo. Saa tatu tunamsikiliza mjukuu wetu akisoma juzuu ya Amma, naye huruka aya makusudi aone kama babu amelala. Jioni nyingine tunasimama uwanjani kuwatazama vijana wa MYSA, chama cha michezo kilichoanzishwa hapa Mathare mwaka 1987, ambacho tangu mwanzo kiliufungamanisha mpira na usafi wa mitaa. Siku ya Alhamisi tunanunua mifupa Kiamaiko, na mama watoto anatengeneza supu ya ndimu na pilipili manga. Hakuna hata moja katika haya lililotugharimu fedha ya kutajwa.

Mtume wetu (S.A.W.) alitutanabahisha kuwa afya na faragha ni neema ambazo watu wengi huzipoteza bila ya kujua. Tulikuwa tumelisomesha fundisho hilo kwa wanafunzi wengi. Kiangazi hiki ndipo lilipotusomesha sisi.

Lau tungeishia hapa, makala ingekuwa tamu, na ingekuwa na kasoro kubwa. Ndugu zetu, yako yaliyofuata.

Kwa furaha ya mambo hayo, tuliamua darsa ya akina mama ya mwezi wa Shaabani iwe juu ya kinaa. Tulizungumza vizuri, kwa maoni yetu. Tulieleza kwamba aliyeamka na amani, na afya, na chakula cha siku yake, hana anachokosa. Tulisimulia habari ya paa, na upepo, na embe. Akina mama walitikisa vichwa kwa kukubali. Tulipofungua mlango wa maswali, bibi mmoja wa Kiborana, aliyepita miaka 70, aliinua mkono. Bibi huyu anaishi peke yake katika chumba cha mabati, chini kuelekea mtoni. Alisema:

"Shekhe, mwanangu, Mungu akuzidishie. Mimi embe naipenda. Lakini wiki hii mtungi wa maji umefika shilingi ishirini, na mfereji wetu umekauka siku nne. Kwenu kuna tangi na bomba uani, nimeliona. Nikinai vipi kwa maji ambayo sina? Au kinaa yangu ni kukuangalia wewe umekaa juu?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mwanafunzi anavyouliza, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Darsani pakanyamaza. Tulimwambia kuwa swali lake ni zito na tutalijibu wiki ijayo. Kweli ya mambo ni kwamba hatukuwa na jibu.

Usiku ule usingizi ulitupaa. Nairobi hutegemea sana maji ya bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na kiangazi kikishika, mgao wa maji huwa wa zamu. Walio na tangi hujaza siku ya zamu, wasio na tangi hununua kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mwenye kuuza. Yaani kiangazi kile kile kilichokuwa kikitupumzisha sisi juu ya paa, kilikuwa kikimwongezea gharama bibi aliye mita mia mbili kutoka kwetu. Yeye hupokea shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii kwa wazee waliofikia miaka 70. Mitungi miwili kwa siku, kwa bei ile, ni shilingi 1,200 kwa mwezi. Hesabu hii haikuwamo katika daftari letu.

Tulimweleza mama watoto. Yeye alikuwa amekwisha kufikiri. Alisema, "Mtume alimwusia Abu Dharr akipika mchuzi azidishe maji, apate kuwaangalia jirani zake. Sisi tuna mchuzi na tuna maji. Miguu unayo, na asubuhi huna kazi."

Asubuhi iliyofuata, baada ya Alfajiri, matembezi yetu yalibadilisha njia. Tulijaza mitungi miwili bombani, tukaipakia katika mkokoteni mdogo tulioazima kwa kijana wa jengo, tukateremka nayo. Bibi alifungua mlango, akatutazama, kisha akautazama mkokoteni. "Shekhe, hili ndilo jibu?" Tukamwambia, "Hili ni la leo, mama. Jibu bado tunalitafuta." Alicheka hadi akashika kizingiti.

Hatuandiki haya kwa kujisifu. Lita 40 haziondoi kiu ya Mathare, na aliyepaswa kuona haya ni sisi, tuliolikalia bomba miaka kumi na miwili. Tunayaandika kwa sababu ya tulichojifunza. Kinaa ni nguo ambayo mtu huikata kwa kipimo chake mwenyewe. Tuna haki ya kuridhika na fungu letu dogo, na kumshukuru Mola kwa hilo. Hatuna haki ya kumhimiza jirani aridhike na kukosa kile ambacho tunaweza kumfikishia, wala kile ambacho ni haki yake kukidai. Katika mafuriko ya Aprili 2024 mto huu ulichukua nyumba na roho za watu usiku, kisha waliosalia kandokando yake wakaamriwa wahame na nyumba nyingi zikabomolewa. Mtu aliyepitia hayo akiomba maji safi na mahali salama pa kulala, hajapungukiwa na kinaa. Anaomba kile ambacho sisi huanza nacho tunapotaka kuhubiri.

Tulirudi darsani Alhamisi, tukayasema haya mbele ya akina mama wote, na kumwomba bibi radhi. Wao, kama ilivyo kawaida yao, hawakungoja hotuba ndefu. Waliorodhesha wazee saba walio peke yao karibu na msikiti, na majengo manne yenye matangi. Vijana wa chuo wamepewa zamu. Mwenye jengo letu, tulipomwomba ruhusa, alikubali kwa sharti kwamba bomba lisiachwe wazi, na sharti hilo ni la haki.

Na kuhusu paa: Jumapili jioni mama watoto alimleta bibi. Alipanda ngazi za ghorofa nne kwa mapumziko matatu, huku akilaumu waliobuni ngazi. Alipofika juu aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akapewa kipande cha embe cha kwanza. Akatuonyesha kwa kidole bati la chumba chake, na mahali palipokuwa na nyumba ya jirani yake kabla ya mafuriko. Kisha akanyamaza, akala, upepo ukipeperusha ushungi wake. Tiara moja ilikatika uzi, ikaenda zake upande wa Huruma, na watoto wakapiga kelele. Bibi akasema, "Alhamdulillahi," nasi tukaitika. Tulikuwa tumekula embe nyingi kiangazi hiki. Ile ndiyo tunayoikumbuka ladha yake.

Basi dada yetu, sauti haikuwa ikikatika. Bahari tunaitamani, na baraza ya nyumba ya baba hatujaisahau. In shaa Allah tutakuja baada ya Idi, tukae nawe tule samaki. Lakini huku pia ipo kazi ambayo mstaafu hastaafu kwayo, na ipo raha inayofuata kazi hiyo. Njoo wewe kwanza, kabla masika hayajaingia. Ngazi ni nne, utapumzika mara tatu, na juu utapata ndoo ya kukalia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kinaa katika nyoyo zetu, na atuepushe na kinaa ya kumhubiria mwenye kiu tukiwa tumeshiba maji. Atufikishe Ramadhani tukiwa na afya, pamoja na jirani zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.