Kijana wa Liboi na Masomo ya Chuo

Liboi ni mji mdogo ulio karibu na mpaka wa Kenya na Somalia, katika barabara kuu ipitayo Garissa na Dadaab. Wengi walianza kulisikia jina lake mwaka 1991, wakimbizi wa Kisomali walipomiminika huko baada ya serikali yao kuanguka. Wenyeji wake ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi, na siku hizi katika nyumba moja huenda akaonekana mzee asiyejua kusoma barua, pamoja na mjukuu wake aliyepokewa katika chuo kikuu.

Habari ya kupokewa ifikapo, jamaa hukusanyika. Mmoja hutoa mbuzi, mwingine huuza ngamia, shangazi hutoa akiba yake, na mkopo wa serikali huombwa. Kijana hupanda basi akiwa amebeba matumaini ya watu wengi, na kila aulizwapo atafanyaje huko aendako, hujibu: "Nitasoma kwa bidii." Wazee huridhika. Ni neno zuri, lakini si lengo, maana halina siku ya kutimizwa wala siku ya kujulikana kwamba limevunjika.

Chuoni hakuna kengele ya kumwamsha, wala mwalimu wa zamu wa kumhimiza aingie darasani. Mhadhiri husema kwa Kiingereza muda wa saa mbili, kisha huenda zake. Naye kijana, aliyezungumza Kisomali nyumbani na kujifunza Kiswahili na Kiingereza shuleni, huandika asiyoyaelewa kwa mwandiko mzuri sana. Usiku hufungua daftari na kuzisoma kurasa zile zile mara nne, mara tano, akipiga mistari kwa kalamu za rangi. Macho huzizoea kurasa, na kuzoea huko hudhaniwa kuwa ndiko kujua. Mtihani ukija ndipo aionapo tofauti.

La kustaajabisha ni kwamba kijana huyo alikwisha fundishwa njia bora tangu utotoni. Katika duksi mtoto huandika aya juu ya ubao, huikariri, kisha huisoma kwa moyo mbele ya mwalimu. Akikwama hurudishwa, akifaulu, ubao huoshwa na aya nyingine huandikwa. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitangaza majaribio yafananayo na hayo. Kundi moja la wanafunzi lilisoma habari mara nne. Jingine liliisoma mara moja tu, kisha likajaribu mara tatu kuieleza bila kuitazama. Baada ya juma moja, la kwanza lilikumbuka kama sehemu 40 katika mia, na la pili sehemu 61. Tena wale waliosoma mara nne ndio waliokuwa na hakika zaidi kwamba watakumbuka!

Kweli, kukariri si kuelewa, na mtihani wa chuo hutaka sababu kuliko maneno. Lakini mtu aweza kujiuliza sababu pia. Awezaye kufunga kitabu na kumweleza nduguye jambo lile kwa Kisomali amelielewa. Asiyeweza, na arudi kitabuni. Wako waonao haya kufanya hivyo, kana kwamba elimu haina budi kukaa katika Kiingereza.

Na lengo je? Mwaka 1997 Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter walionyesha kwamba wanafunzi walioamua mapema saa na mahali pa kuandika ripoti wakati wa sikukuu waliimaliza zaidi kuliko wenzao waliokusudia tu. Basi mwanafunzi na aseme: Jumanne, saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali, nitafanya hesabu kumi katika maktaba.

Wako wasemao kwamba mipango ya namna hiyo ni ya watu wakaao kwa amani. Tarehe 2 Aprili 2015 chuo cha Garissa kilishambuliwa, watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Chuo kikafungwa, na wanafunzi wengi waliosalimika wakapelekwa Eldoret. Januari 2016 kilifunguliwa tena na wanafunzi wachache, na mwaka 2017 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Hakuna awezaye kusema kwamba hofu ilikuwa imekwisha. Kwa aliyerudi katika madarasa yale, shahada ya miaka minne huenda ilionekana mbali mno. Lakini hesabu kumi za Jumanne zilikuwa karibu, na jioni aliweza kujua kama amezimaliza.

Limebaki jambo la likizo. Kijana arudipo Liboi, mifugo humngoja, na msichana hungojewa na maji, kuni na watoto wadogo. Jamaa wale wale waliouza ngamia kwa ajili ya karo huona vigumu kumwachia saa moja. Saa moja kila siku, kabla ya mbuzi kupelekwa kisimani, yaweza kumfikisha mbali katika kitabu cha muhula ujao, iwapo sura zimehesabiwa na siku za likizo zimehesabiwa pia.