Mahindi ya Waingereza

Miaka ile tulipokuwa tukifundisha historia katika shule ya sekondari, mwanafunzi mmoja aliandika katika mtihani ya kwamba makabaila wa Uingereza walijitajirisha kwa kuuza mahindi. Swali lilihusu zile "Corn Laws", sheria za mwaka 1815 zilizozuia nafaka ya bei nafuu kutoka nchi za nje, hata mkate ukawa ghali kwa wafanyakazi wa mijini, mpaka zilipofutwa mwaka 1846. Tulilisoma jibu lake kwa sauti, darasa zima likaangua kicheko. Kijana hakubisha. Kesho yake alikuja ofisini, akaamkia kwa adabu, akafungua kamusi. "Mwalimu, tazama hapa." Kamusi ilikuwa imechapishwa Marekani, na kwa hakika mle "corn" ni mahindi.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwa Waingereza neno hilo lilitaja nafaka yoyote iliyo kuu mahali walipo: Uingereza ngano, Uskoti oti. Walowezi wao walipofika Amerika ya Kaskazini katika karne ya 17, waliwakuta wenyeji wakilima mahindi, wakayaita nafaka ya Wahindi, kwa kuwa wenyeji hao walikuwa wamekwisha kubandikwa jina hilo. Baadaye Wahindi wakadondoka, ikabaki nafaka peke yake. (Nasi tusicheke: mahindi yetu nayo yamebeba jina la Bara Hindi, hali asili yake ni huko huko Amerika.)

Laiti ingekuwa nafaka tu! "Public school" ni shule ya serikali isiyotoza ada, ukiwa Marekani. Ukiwa Uingereza, ni shule kama Eton, iliyoanzishwa mwaka 1440, ambamo mtoto wa mchuuzi haingii ila kwa ufadhili. Mwanafunzi asiyeonywa atasoma ya kwamba mawaziri wakuu wengi wa Uingereza wametoka katika shule za namna hiyo, naye atadhani kuwa ni nchi ambamo watoto wa wakulima wameshika dola siku zote. Kosa hilo ni zito kuliko la mahindi, na mwenye kulifanya hachekwi, kwani hakuna anayelitambua.

Jibu la kijana yule halikuwa sahihi, wala hatukumwongezea alama. Lakini tulirudi darasani tukaeleza habari hii yote, kamusi yake mkononi mwetu, na kabla ya kuanza tulimwomba radhi mbele ya wale wale waliocheka.