Pesa Zilizohamahama



Mama zetu na dada zetu, juma hili tunaandika juu ya jambo lililotokea ndani ya ukoo wetu wenyewe, na ambalo sehemu ya kosa lake ni yetu. Wahusika wametupa idhini tulieleze, kwa sharti tusitaje jina la mtu wala la benki.

Dada yetu mdogo ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake kumi na wawili hapa Mombasa. Kila mmoja huchanga shilingi 5,000 kwa mwezi kwa nia ya kwenda Umra. Baada ya miezi kumi zilikuwa zimetimia shilingi 600,000, nazo zimewekwa katika akaunti ya mudharaba ambayo faida yake haikupata kupita elfu mbili kwa mwezi. Ndipo akasikia kazini kwake kwamba benki nyingine hulipa asilimia 10 kwa mwaka kwa mwenye kufunga pesa zake miezi mitatu, na kwamba ipo ya tatu inayowapa wateja wapya asilimia 11. Akapiga hesabu: azifunge kule miezi mitatu, azihamishie huku miezi mitatu, kisha azirejeshe zilikotoka kabla ya safari. Pesa zikawa kama mgeni afuataye pilau, harusi hii hadi harusi ile.

Hakuichukulia nafsi yake hata senti. Alitaka kuwaongezea wenzake, basi.

Tena alituuliza, na hapa ndipo penye aibu yetu. Alitupigia simu baada ya Isha, nasi tumo katika nikaha, kelele kila upande. Akasema, "Kaka, nataka kuzihamisha pesa za kikundi zipate faida zaidi, yafaa?" Tukamjibu, "Madhali benki ni ya salama, fanya uonavyo." Hatukuuliza akaunti ni ya namna gani, wala hatukuuliza kama wenye pesa wana habari. Ni jawabu la nusu dakika, naye akawaambia wenzake baadaye kwamba Sheikh ameruhusu.

Miezi mitatu ikatimia. Laki sita zikazaa 15,000, serikali ikakata kodi ya asilimia 15, yaani 2,250, zikabaki 12,750. Dada yetu akaisoma hesabu hiyo kikaoni kwa furaha, na wote wakashukuru, isipokuwa bibi mmoja mtu mzima, asiyejua hata kusoma karatasi za benki. Yeye aliuliza, "Zimetokana na biashara gani?" Pakawa kimya. Jioni ile ile dada yetu akaja kwetu, macho yamemvimba.

Hatukuwa na njia ila kwenda kuwakabili wale mabibi. Tulianza kwa kukiri kuwa ruhusa ile ilitolewa na mtu asiyesikiliza, na kwamba lawama yake isiwekwe juu ya mweka hazina peke yake. Si jambo jepesi kulisema mbele ya wanawake ambao baadhi yao watoto wao wamesoma Juzuu Amma kwetu.

Mmoja akatutetea, Allah amlipe kheri, akasema, "Lakini Sheikh, sisi hatukumkopesha mtu. Pesa tumezitoa chumba hiki tukazitia chumba kile." Neno hili twalisikia mara nyingi, na lina mantiki yake. Kuhama peke yake hakuna ubaya. Ungetoka katika mudharaba hii ukaingia katika mudharaba nyingine yenye faida bora, hakuna wa kukukataza. Tatizo ni mkataba unaoukuta kule uendako. Benki inapokuhakikishia rasilimali yako yote na juu yake ikakuahidi asilimia maalumu, basi wewe umeikopesha na yenyewe imekubali kukulipa ziada, hata kama kwenye karatasi umeitwa mteja. Katika mudharaba hukuahidiwa kiasi. Mnakubaliana mtagawanaje faida ikipatikana, na hasara ikitokea pasipo uzembe wa mwendeshaji, inamwangukia mwenye mali. Ndiyo sababu faida yake huwa mwezi huu hivi na mwezi ujao vile.

Tukawakumbusha kisa cha Sayyidna Bilal, kilichomo katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim. Alimletea Mtume (s.a.w.) tende nzuri za barni, akaeleza kuwa alitoa pishi mbili za tende hafifu akapata moja ya hizo. Mtume akamwambia kuwa hiyo ndiyo riba yenyewe, akamwelekeza auze zile hafifu, kisha kwa thamani yake anunue nzuri. Bilal naye nia yake ilikuwa njema, na tende zilikuwa tende. Kilichotakiwa kubadilika ni njia.

Jambo la pili tulilisema kwa upole zaidi, kwa kuwa dada yetu alikuwa ameinamisha kichwa. Hata ile akaunti ingekuwa halali tupu, mali ya watu kumi na wawili haihamishwi kwa uamuzi wa mmoja. Mweka hazina ni wakili, na wakili hapiti mpaka wa aliyemwakilisha. Jawabu la kaka yake halikuwa idhini yao.

Tukasema basi kuwa rasilimali ni yao, na zile 12,750 zisiingie katika Umra bali wapewe maskini au zitumike katika maslahi ya umma. Palepale mjane mmoja, auzaye mahamri alfajiri, akainua sauti. Miezi miwili ya mwisho alikuwa ametoa mchango wake wote huku akichukua unga dukani kwa deni, na deni limefika 10,000. "Sheikh, mwasema wapewe maskini. Mimi si maskini?"

Tulinyamaza. Safari hii hatukujibu kwa haraka. Tukamwomba muda, tukarudi vitabuni.

Imam Nawawi katika Majmuu amenukuu kutoka kwa Ghazali, tena kwa kuafiki, kwamba mali ya haramu isiyo na mwenyewe wa kurudishiwa hupelekwa katika maslahi ya Waislamu au kwa mafakiri, na fakiri akipewa huwa halali kwake. Wamekwenda mbali zaidi: aliye nayo mkononi, ikiwa yeye mwenyewe ni fakiri, yuaweza kujitolea kwa kadiri ya haja yake. Sisi ni Mashafii, na maneno haya yalitukunjua kifua. Tukarudi kikaoni tukasema deni la unga lilipwe kutokana na pesa hizo, nazo 2,750 zilizobaki zikazibua mtaro wa uchochoroni. Ada za kuhamisha pesa tuliwaambia wazitoe mifukoni mwao, kwani huwezi kuilipia safari ya riba kwa riba. Wallahu aalam.

Si wote walioridhika. Wawili wangali wakisema Sheikh alikosea mara mbili, mara ya kwanza kwa simu na ya pili kwa kitabu, na hatuwalaumu. Mjane alilipa duka siku ile ile.

Pesa zimerudi katika mudharaba, na sasa hazitoki bila sahihi tatu. Mwezi uliofuata faida ilikuwa shilingi 1,900 na kitu. Dada yetu alipoitaja kikaoni, yule bibi mtu mzima akauliza tena, "Zimetokana na biashara gani?" Dada yetu akaitoa karatasi ya benki mkobani, akavaa miwani, akaanza kumsomea.