Presha Ilikuwa Yangu

Nilimsingizia mke wangu ugonjwa. Nilifanya hivyo mchana kweupe, mbele ya binti yetu, mkwe wetu na mjukuu wetu, siku ambayo wao walijinyima mengi ili sisi wazee tufurahi. Uongo wenyewe ulikuwa wa maneno machache, lakini gharama yake ameilipa yeye, na ameilipa kwa muda mrefu. Wanangu nimeshawaambia. Naandika kwa ajili ya wazee wenzangu, kwa sababu naamini sikuwa peke yangu katika kuuita uongo wa namna hii heshima ya nyumba.

Binti yetu anaishi Florida, Marekani, na tulikwenda kumtembelea. Karibu na mji wa Orlando kuna bustani kubwa za burudani za Disney, na mojawapo ni Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998. Aliichagua hiyo kwa ajili ya mama yake. Ndani yake wamejenga kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, na wabunifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, walichota sura yake kwetu mwambao, hasa Lamu. Kuta zimepakwa rangi na kubanduliwa makusudi zionekane zimekula chumvi ya bahari miaka mingi. Vibao vina maneno ya Kiswahili. Mke wangu aliyasoma yote kwa sauti, akapapasa ukuta kwa kiganja, akamshika mjukuu mkono na kumweleza baraza ni kitu gani na watu hukaa hapo saa ngapi. Ilikuwa siku yake. Nataka hilo lieleweke kabla sijaeleza nilivyomnyang'anya.

Baada ya Harambe tulipanda lori la wazi kwenda kuwaona tembo na twiga katika mbuga waliyoitengeneza, ya hekta kama 45 hivi. Lori lilirukaruka kwenye mashimo, na yeye alicheka kila liliporuka. Mke wangu si mtu wa kuogopa mtikiso. Ni mzaliwa wa Wete, Pemba, na tangu utotoni alivuka mkondo kwa jahazi kuja Tanga, msimu wa kusi na msimu wa kaskazi. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika chuma cha kiti kwa mikono miwili, kichwa kikinigonga.

Kichwa kilinigonga kwa sababu niliyoijua. Nina presha ya kupanda. Daktari aliniambia kabla sijastaafu, na niliyemwambia ni mke wangu tu, nikamwomba lisitoke chumbani. Miongoni mwa dawa zangu kuna kidonge kinachotoa maji mwilini, na ukikinywa asubuhi unakwenda haja ndogo mara kwa mara. Siku ile sikukinywa. Sikutaka kuitoa familia nzima kwenye foleni kwa ajili ya choo, tena mbele ya mkwe. Ningemuuliza daktari kabla ya safari, angenipangia saa ya kukinywa. Sikuuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa kukiri kwamba mimi ni mgonjwa hata nikiwa matembezini.

Mchana tukafika kwenye mlima wa bandia, Expedition Everest, uliofunguliwa mwaka 2006. Una urefu wa mita 60 hivi, na ndani yake hupita treni inayopanda, ikafika mahali reli imekatika, ikarudi kinyumenyume gizani, kisha ikaporomoka kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa. Mjukuu alikuwa ameungoja mlima huo tangu asubuhi. Mke wangu aliutazama, akasema, "Mie napanda na mjukuu wangu." Hakuomba ruhusa, wala hakuwa na sababu ya kuiomba.

Mlangoni kuna tangazo la tahadhari: mwenye presha, maradhi ya moyo, matatizo ya mgongo au shingo, asipande. Binti yetu alilisoma, akatutafsiria, kisha akauliza, "Kuna mwenye presha hapa?"

Nikajibu, "Mama yenu anayo."

Sikupanga kusema hivyo. Lakini sitajificha nyuma ya hilo, maana nilikuwa na nafasi ya kurekebisha pale pale na sikurekebisha. Jibu la kweli lilikuwa jepesi: mimi ninayo, nitawangoja, mama nenda nao. Hakuna ambaye angenicheka. Kilichonishinda ni kuonekana nimepungua mbele ya mwanamume aliyemwoa binti yangu na mtoto anayeniita babu. Nimelifikiria sana tangu siku ile, na nimeona jambo ambalo wanaume tunalijua ila hatulisemi. Mke akiugua, mume husifiwa kwa kumtunza. Mume akiugua, huona cheo chake nyumbani kimeshuka. Kwa hiyo niliutoa ugonjwa pale unaponishusha, nikauweka pale utakaponipa sifa.

Binti alimgeukia mama yake, uso umembadilika. "Mama, mbona hukuniambia?" Mke wangu alinitazama. Alikuwa ananipa muda. Nami nikatazama chini. Ndipo akasema, "Nendeni nyie. Nitakaa na baba yenu." Alinistiri hadharani, wakati mimi nilikuwa nimetoka kumvua haki yake hadharani.

Hawakuishia hapo. Binti yetu, kwa mapenzi na kwa hofu, alikwenda kukodi kiti cha magurudumu. Mama yake alikataa. Binti akasisitiza mpaka machozi yakamlenga. Mke wangu akanitazama tena, akisubiri neno moja tu kutoka kwangu, na neno nililompa lilikuwa, "Kaa, mama watoto, upumzike." Akakaa. Mwanamke mwenye afya alisukumwa kwenye kiti mpaka jioni, huku mgonjwa asiyekunywa dawa yake akitembea nyuma kwenye jua la Florida, na mkwe akinisifu kwamba namtunza mama vizuri. Sifa ile niliipokea.

Ningekuwa na ujasiri, mambo yangekwisha usiku ule. Lakini uongo wa ugonjwa una tabia yake: ukishaaminiwa, huanza kutoa amri. Tuliporudi Tanga, watoto wote walikuwa wameshaambizana. Chumvi ilipunguzwa kwenye sahani ya mama. Simu zilipigwa kumkataza kwenda shambani kwenye mihogo yake. Binti akatuma mashine ya kupimia presha, akaomba apimwe akiwa anaona kwenye simu. Ikasoma 118 kwa 76. Kipimo kinachofika 140 kwa 90 na kurudia hivyo ndicho huhesabiwa presha ya kupanda, kwa hiyo mlango wa ukweli ulikuwa wazi kabisa mbele yetu sote. Binti akashukuru Mungu, akasema dawa zinamsaidia mama. Nami nikaitikia, "Alhamdulillahi." Usiku, wote walipolala, nilijifunga mashine ile mkononi. Ilisoma 176 kwa 102. Nikaizima na kuirudisha kwenye boksi lake.

Kisha ikaja harusi ya mtoto wa dada yake, kule Wete. Watoto wakakutana kwa simu wakaamua mama asivuke, bahari na presha haviendi pamoja. Waliniuliza mimi, si yeye. Nikasema wanavyoona wao ni sawa, kwa sababu kusema vinginevyo kungenilazimu kueleza. Mwanamke aliyevuka mkondo ule kwa jahazi akiwa mtoto alizuiwa kupanda boti, na harusi ya damu yake akaiona kwa picha zilizotumwa kwenye simu. Hapo ndipo nilipoona kwamba sikumnyima mlima wa bandia peke yake. Nilikuwa nimempa kila mtu ruhusa ya kuuamulia mwili wake bila kumsikiliza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakumtaja anayeyaficha maradhi yake ndani ya mwili wa mwenziwe, na mimi ndiye huyo.

Niliwapigia watoto wote kwa pamoja, mama yao akiwa ameketi kando yangu, nikawaeleza kuanzia lile jibu la mlangoni. Binti yetu alilia, kwanza kwa ajili ya kiti cha magurudumu, kisha kwa ajili yangu. Nilidhani mke wangu atafurahi. Simu ilipokatika, aliniambia, "Kule kwa wenyewe nilinyamaza kwa sababu nilijua ukipoa utasema. Nikangoja. Nimengoja mpaka harusi imepita." Sikuwa na jibu, na sikulitafuta. Nimemwomba radhi. Amesema amesikia. Hajasema amesamehe, nami sina haki ya kumharakisha.

Nimejifunza mambo mawili, nayo nayasema kwa moyo wote kwa wanaume wa rika langu. Presha mara nyingi haina dalili, na aibu haiishushi. Dawa zake hunywewa kila siku, hata siku ya safari, na watoto wanapaswa kujua nani anakunywa nini, kwa sababu siku utakapoanguka watamweleza daktari kile ulichowaambia. Kama ningeanguka kule Florida, binti yangu angeapa kwamba baba yake hana ugonjwa wowote.

Jambo la pili nawaambia pia watoto wetu. Baba akisema mama hawezi, mgeukie mama umuulize. Hakuna aliyeniuliza nimejuaje. Neno langu lilitosha kumkalisha kitini mtu mwenye miguu yake, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba mume anaujua mwili wa mke kuliko mwenyewe. Mimi niliitumia imani hiyo vibaya. Mke wangu anasubiri msimu wa kusi upungue nguvu aende Wete kuwaona maharusi. Nauli ameshaitenga kutoka kwenye mihogo yake. Hakuniuliza kama aende, na ndivyo inavyopasa.