Sikio la Dhegdheer

Mwishoni mwa Oktoba 2016 sisi wa Mandera hatukuhitaji mtu wa kututisha. Tarehe 25 watu 12 waliuawa katika shambulio kwenye nyumba ya wageni, na punde ikatangazwa amri ya kutotoka nje tangu saa kumi na mbili na nusu jioni hadi asubuhi.

Basi jioni nzima ni mimi na watoto ndani, nao hawachoki! Shangazi yao aliyeko Minneapolis alikuwa ametuma picha ya boga lililochongwa macho na meno, taa ikiwaka ndani, pambo la ile sikukuu yao ya kutishana iitwayo Halloween. Binti yangu akalitaka. Boga hatukuwa nalo, ila tulikuwa na tikitimaji la mashamba ya Mto Daua. Tukalila kwa vijiko, nikachonga ganda. Mbuzi siku hiyo walidhulumiwa.

"Hilo si letu," akasema ayeeyo, nyanya yao. Nikajua litatupwa. Kumbe akakata kipande kirefu cha katoni, akakichomeka ubavuni kwa mwiba. Sikio! Sasa alikuwa Dhegdheer, zimwi la kike la hadithi za Kisomali, mla watu, asikiaye nyayo kutoka mbali.

Tulipotia tochi, watoto wakapiga mayowe. Nikawanyamazisha upesi, nje doria ilikuwa ikipita. Binti alitaka liwekwe dirishani, nikakataa. Likakaa uvunguni mwa kitanda, ayeeyo akasimulia kwa kunong'ona.

Kitinda mimba wangu akamkatiza: je, Dhegdheer naye amekatazwa kutoka usiku?